Rangi chache, karatasi nyingi: namna ya kujijengea akiba ya manila za kadi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa Morogoro, natengeneza kadi kwa mkono: za harusi, sendofu, mahafali na sikukuu. Nilianza kwa kununua manila mojamoja kila nilipopata kazi. Sasa nina rangi kama 20 kwenye boksi, lakini kila oda inapokuja, rangi inayotakiwa ama sina, ama ninazo karatasi mbili tu. Mwezi uliopita ziliniishia katikati ya oda ya kadi 80. Nimeweka fedha kidogo pembeni na nataka kununua akiba ya kunitosha angalau miezi sita. Ninunue rangi zipi, za uzito gani, na nizitunzeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kadi 80 kwa mkono ni kazi ya mtu mvumilivu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni hilo boksi la rangi 20. Na mimi nilikuwa nalo, miaka mingi. Nilikuwa nikilifungua naona nimetajirika, halafu ikija oda ya kweli naenda dukani kama mtu asiye na kitu.

Rangi unazo nyingi mno, na kila moja ni kidogo mno. Oda ya kadi inataka karatasi za rangi moja, za bechi moja, yaani zilizotengenezwa pamoja kiwandani, za kutosha kuanzia kadi ya kwanza hadi ya mwisho na chache za kuharibu. Neno bechi nalisisitiza, maana ndilo lililonifundisha kazi. Niliwahi kupokea oda ya kadi 200 za harusi, rangi damu ya mzee na krimu. Nilikuwa na karatasi za kama kadi 140, nikajiambia zilizobaki nitaongezea. Nikarudi duka lilelile, nikataja rangi ileile, nikapewa. Chini ya taa ya duka zilifanana kabisa. Nikakata usiku, nikabandika, na asubuhi nikazitandaza mkekani uani zipigwe na hewa. Jua lilipopanda, mkeka ukagawanyika vipande viwili mbele ya macho yangu: huku wekundu wa zambarau iliyoiva, huku wekundu wa tofali la kuchoma. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Sikuwa na fedha ya kuanza upya, kwa hiyo niligeuza mpango. Nilinunua krimu ya kutosha kadi zote 200, krimu ikawa mwili wa kadi. Sehemu za mbele za zile kadi 140 nikazikata kanda nyembamba za sentimita tatu, nikabandika ukanda mmoja mmoja kwenye uso wa kila kadi. Kamati ilizipenda kuliko sampuli ya kwanza. Na mimi nikabaki na rundo la damu ya mzee ambalo nilikuwa nimeliona halitoshi.

Hapo ndipo penyewe, hebu tupige hesabu pamoja. Kadi ya kukunja inayoingia kwenye bahasha ndogo ya C6 ni A5 iliyokunjwa katikati, na kila A4 inatoa A5 mbili. Kadi 100 zinakula A4 50. Mwili wa kadi ukiwa wa rangi, unahitaji A4 50 za rangi hiyo. Lakini ukiweka mwili mweupe au krimu, rangi ikawa ukanda wa sentimita 3 kwa urefu wa kadi, ambao ni sentimita 14.8, A4 moja inakupa kanda 14. Kadi 100 zinahitaji A4 nane tu za rangi. Karatasi moja kubwa ya A1 ukiikata inatoa A4 nane, yaani kanda 112. Karatasi moja kubwa, oda nzima, na 12 za kuharibu.

Kwa hiyo akiba yako iwe na uti wa mgongo wa nyeupe na krimu, na rangi zikae juu yake. Katika kila shilingi 10 ulizoweka pembeni, mimi ningetoa 5 kwa nyeupe na krimu, 3 kwa rangi nne au tano zinazotoka sana, na 2 nisiziguse. Hizo 2 ni za siku kamati itakapokuja na rangi usiyoitegemea, na itakuja.

Nyeupe isiwe peke yake, na krimu usiidharau. Nyeupe inapendeza na bluu, fedha na rangi baridi. Krimu inapokea vizuri damu ya mzee, dhahabu, kahawia na kijani. Ukilazimika kuanza na moja, anza na krimu. Ina siri moja: nyeupe ya bei nafuu ikigeuka manjano kila mtu anaona, ila krimu ikizeeka kidogo haisemi.

Rangi nne au tano zipi? Jibu lipo kwenye kazi zako mwenyewe. Chukua daftari, andika oda zote unazozikumbuka za mwaka mzima na rangi zake. Usiandike zile unazozipenda wewe. Kwangu zilizotoka mara nyingi ni damu ya mzee, bluu iliyokolea, kijani kilichokolea na zambarau. Baadaye pinki iliyopauka ikaingia kwa ajili ya sherehe za kina dada. Bluu iliyokolea na dhahabu zinabeba mahafali, kijani na dhahabu zinabeba Idi, kijani hichohicho na ukanda mwembamba mwekundu kinabeba Krismasi. Unaona kijani kimoja kinavyofanya kazi msimu baada ya msimu? Rangi ya namna hiyo ndiyo ya kununua kwa wingi. Karatasi za dhahabu na fedha zinazong'aa nunua chache sana, kwa sababu hutumika kama uzi tu pembezoni, zinakwaruzika zikisuguana, na uso wake unakataa gundi nyingi za maji.

Na usiisahau kaki. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya Agosti 2017, karatasi ya kaki haikosekani sokoni, na ni aina ya karatasi inayotengenezwa hapa kwetu, kiwandani Mgololo, Mufindi. Nyepesi haifai kuwa mwili wa kadi, ila ukiibandika juu ya krimu na kuifunga uzi wa katani, vijana wanaofunga ndoa siku hizi wanaipenda sana.

Sasa uzito. Wauzaji wetu huita manila kila karatasi ngumu yenye rangi. Jina lenyewe limetoka mji wa Manila kule Ufilipino, kwa sababu zamani karatasi hizo zilitengenezwa kwa nyuzi za abaka za huko, mmea wa ukoo mmoja na mgomba wetu. Za leo hutengenezwa kwa miti, na neno manila halikwambii lolote kuhusu ugumu. Kinachosema ni gramu, yaani uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Mwili wa kadi ya kukunja utafute kati ya gramu 220 na 250. Ikiwa 160, kadi inasimama mezani dakika mbili halafu inapiga magoti. Ikiwa 300 inafaa kadi ya mwaliko isiyokunjwa, ile ya ubao mmoja. Rangi za kanda na maua zitoshe gramu 120 hadi 160, maana ukibandika ngumu juu ya ngumu, bahasha haifungi.

Muuzaji akikwambia "hii ni 250", mshukuru, kisha pima. Karatasi za A zimepangwa hivi: A0 ina mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 ya A0. Maana yake ni kwamba A4 16 za karatasi moja, ukiziweka juu ya mizani, mizani inakusomea gramu zake bila hesabu yoyote. Ikiandika 240, karatasi ni ya gramu 240. Ukiwa nazo nne tu, zidisha kwa nne. Mizani ndogo wanayopimia unga waoka keki inatosha kabisa. Niliponunua yangu niligundua kwamba karatasi niliyoiamini miaka mitatu kuwa ya 250 ilikuwa haifiki 200, na nikaelewa kwa nini kadi zangu zilikuwa zikijikunja kama jani la muhogo mchana.

Kabla hujanunua bando, nunua karatasi moja, nenda nayo nyumbani, uifanyie mambo manne. Wala usione haya mbele ya muuzaji. Fedha ni yako.

La kwanza, ichane pembeni kwa mkono na uangalie mpasuko. Kama rangi imeingia hadi ndani, mpasuko una rangi ileile. Kama ndani ni nyeupe, rangi imepakwa juu tu, na kila utakapokunja utapata mstari mweupe kama ufa wa kisigino wakati wa kipupwe. Hiyo ifanye ya kanda, isiwe ya kukunja.

La pili, lowanisha kitambaa cheupe, kisugue juu yake mara kumi. Hili wengi hawalifanyi na ndilo linaloumiza. Kadi ya harusi hushikwa na mikono yenye jasho, hukaa kwenye mkoba, hulaliana na bahasha nyeupe. Nyekundu na zambarau za bei ya chini ndizo zinazotoa rangi zaidi. Niliona bahasha 50 nyeupe zikigeuka pinki ndani ya boksi wakati wa masika kwa sababu nyekundu iliyokuwa ndani yake ilikuwa imevuta unyevu. Kitambaa kikitoka na rangi, karatasi hiyo irudi dukani.

La tatu, kata kipande, funika nusu yake kwa kitabu, kiache dirishani penye jua wiki mbili. Nusu iliyokuwa wazi ikipauka sana, usinunue ya kukaa miezi sita.

La nne linahusu nyuzi, na hapa nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo sikuambiwa na mtu hadi nilipokuwa nimeharibu karatasi nyingi. Karatasi inapotengenezwa, nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, kama majani ya makuti yaliyosukwa. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa laini na mnyoofu. Ukikunja kwa kuzikata, karatasi inakwaruka na kupasuka juu ya mkunjo. Kuzijua ni rahisi. Shika A4, ipinde taratibu kwa viganja bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utapinda kirahisi, mwingine utakataa. Ule unaopinda kirahisi, mkunjo wake ndio unaofuata nyuzi. Kama huna uhakika, kata kipande kidogo cha mraba, kilowanishe upande mmoja kwa kidole. Kitajiviringisha kama mkeka, na ule mviringo unalala sambamba na nyuzi.

Kwa kadi zako ndogo kuna bahati. A4 ambayo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, ukiikata katikati kupata A5 mbili na kuzikunja, mkunjo unafuata nyuzi wenyewe. Ukitaka kadi kubwa, A4 nzima iliyokunjwa kuwa A5, mambo yanageuka: hapo unahitaji A4 ambayo nyuzi zinakwenda kwa upana. Ndiyo maana napendelea kununua karatasi kubwa na kukata mwenyewe, au kukatiwa kwa gilotini pale wanapochapa vitabu. Ninaamua nyuzi ziende wapi. Zaidi ya hapo, karatasi ya gramu 200 kwenda juu haikunjwi hivihivi. Weka rula ya chuma, pitisha peni iliyokwisha wino kwa nguvu ya wastani, ndipo ukunje, kisha lainisha kwa mgongo wa kijiko.

Tahadhari moja kuhusu ukubwa: manila nyingi za madukani si A1 kamili, ambayo ni milimita 594 kwa 841. Kuna fupi, kuna pana. Nenda na futi ya fundi cherehani, pima, chora kwenye karatasi ya hesabu uone zinatoka A4 ngapi. Niliwahi kuona karatasi iliyouzwa kwa bei ndogo ikitoa A4 nne tu na mabaki mengi, wakati ya pembeni yake, bei juu kidogo, ilitoa nane. Linganisha bei kwa kadi moja, usilinganishe kwa karatasi.

Kuhusu rangi ya kamati. Usipokee rangi kwa picha ya simu. Kila simu inaonyesha rangi yake, na "pichi" ya mwenyekiti wa kamati si pichi ya bibi harusi. Omba kipande cha kitambaa cha sare, hata upana wa vidole viwili, uende nacho dukani, kisha toka na karatasi nje ya duka uvilinganishe juani. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na zikakanana mchana. Na usinunue karatasi ya rangi hiyo kabla hujapokea malipo ya awali yanayofidia karatasi yote. Rangi adimu iliyokubakia mkononi baada ya harusi kuahirishwa inaweza kukaa miaka.

Ukitaka kuchapa maneno, kumbuka printa ya kawaida haina wino mweupe, na wino wake ni mwangavu. Njano juu ya bluu haitaonekana njano. Chapa kwenye karatasi nyeupe au krimu ya gramu 80 hadi 120, ibandike ndani ya kadi, na juu ya rangi iliyokolea andika kwa peni ya dhahabu au nyeupe. Hii nayo inakusaidia kwenye akiba, maana karatasi ya ndani ni ileile kwa kadi zote.

Sasa utunzaji. Morogoro una afadhali kuliko sisi wa pwani, ambako karatasi inakunywa unyevu hewani hadi inalegea kama nguo, lakini masika hayachagui. Zilaze, usizisimamishe wala kuziviringisha. Zikitoka dukani zimeviringishwa, zitandaze chini ya ubao wenye uzito siku mbili. Rafu iwe juu ya sakafu angalau kiganja kimoja na iachane na ukuta wa nje, kwa sababu mchwa hupanda kupitia huko huko na unaweza usijue hadi uinue bando na kukuta udongo. Zungushia kila rangi nailoni pana, na utie ndani vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiweke mchele, unaita wadudu. Maboksi ya rimu za fotokopi ni mazuri kwa A4, mradi yasikae wazi, maana mwanga unapausha ukingo na ukija kutumia unakuta kila karatasi ina mstari. Na siku ya kukata wakati wa mvua, zitoe karatasi usiku uliotangulia zizoee chumba, la sivyo utakata saa mbili asubuhi na saa nane mchana vipimo vimehama.

Gundi nyeupe ya maji ipake kidogo sana na pembezoni tu, au tumia utepe wa gundi wa pande mbili. Maji mengi hufanya kadi ipinde, hasa ukibandika vipande viwili ambavyo nyuzi zake zimepishana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa karatasi ni kweli tupu. Kila bando liwe na kikaratasi: rangi, gramu, tarehe ya kununua, duka, idadi. Unapochukua, punguza. Weka alama ya chini kwa kila rangi, mimi naweka A4 40 kwa krimu na nane kwa rangi za kanda. Ikifika hapo naagiza bila kusubiri oda. Bechi mpya ikija isichanganywe na ya zamani hata kama macho yanakwambia ni ileile. Ya zamani imalize kwanza kwenye kazi ndogo. Na nunua wakati kazi zimelala: kipindi cha Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, nawe una muda wa kupima, kuchana na kulowanisha. Ukisubiri Oktoba mahafali yakianza, utachukua chochote kilichopo.

Tukirudi kwenye oda yako ya 80: kadi 80 ni A4 40, ongeza moja katika kumi, zikawa 44. Zingekuwa krimu ya kwenye akiba yako. Rangi ingekuwa A4 sita tu.

Na lile boksi la rangi 20 usilitupe. Toa kipande kimoja cha ukubwa wa kadi ya biashara kutoka kila rangi ya akiba yako mpya, toboa, funga kwa uzi, na hicho ndicho utakachomwonyesha mteja anapokuja. Rangi isiyomo kwenye akiba isiwemo kwenye uzi huo. Zile nyingine za boksini zikate maua, majani na kanda za kadi za kuzaliwa za mojamoja, ambazo hakuna anayezifananisha na nyenzake. Ukimaliza kupima manila za madukani hapo kwenu, niandikie urefu na upana wake, nikupangie namna ya kuzikata.